Chumba Kilichokuwa Mbali

Jumatatu asubuhi mchoraji alifuta vumbi kwenye printa kubwa, akaweka karatasi, akafungua kompyuta. Alikuwa ameipima hosteli yote ya wanachuo kwa tepu na kuijenga upya ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta. Sasa alikuwa akitoa mchoro wa aksonometri: nyumba inatazamwa kutoka juu kwa pembeni, paa limeondolewa, na kila ukuta unabaki na kipimo chake, uwe mbele, uwe nyuma. Sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya nyumba.

Shangazi yake, mpishi wa hosteli, alisimama nyuma yake na mwiko mkononi.

"Chumba changu kiko wapi?"

"Hiki hapa, shangazi. Nyuma ya jiko."

"Hicho? Nilidhani wino umedondoka."

Shangazi alilala kwenye iliyokuwa stoo ya mitungi ya gesi, yenye mlango wa mabawa mawili. Mumewe aliishi mji mwingine, maana kitanda chao hakikuenea humo. Kila alipoomba chumba kipanuliwe, meneja alimjibu kwa upole, "Mama, chumba si kidogo. Kiko mbali, ndiyo maana unakiona kidogo." Safari hii aliahidi: mchoro ukikionyesha kidogo, ukuta utasogezwa. Shangazi akamshukuru Mungu, akampigia mumewe simu aje.

Meneja aliugonga mchoro muhuri, akautundika ofisini bila kuutazama. Tangu hapo, kama kwenye mchoro, pale hosteli hakuna kitu kilichopungua ukubwa kwa kuwa mbali. Mwanachuo aliyefika getini alikuwa mkubwa vilevile kama alipokuwa mlangoni. Kuagana kukawa kazi. Mtu kaondoka na bado yupo. Paka aliyekaa mwisho wa uzio alionekana hadi masharubu. Mlinzi alisema ni vizuri kwa ulinzi, akaendelea na chai yake.

Ijumaa shangazi alimwona mumewe kule barabarani, mkubwa kama aliyekwisha kaa mezani, akampakulia. Chakula kilipashwa moto mara mbili ndipo mwenyewe akafika, anasukuma kitanda kwenye mkokoteni.

"Mwenzangu, mbona umekonda?"

"Nimesukuma kitanda. Ulitaka ninenepe?"

Wanachuo wakakibeba kwenda nyuma. Meneja alitazama kutoka barazani. Kitanda kilikuwa na ukubwa wake, chumba kina udogo wake, na umbali haukuwa na la kusema.

"Kweli, chumba ni kidogo," alisema meneja, na wote wakasikia.

"Mungu ni mwema," alisema shangazi. "Basi ukuta unasogezwa lini?"

"Aa, mama. Mchoro si umeshapigwa muhuri?"

Shangazi akawageukia wanachuo wenye kitanda. Kisha akafungua mabawa yote mawili ya mlango, wakasukuma kitanda mpaka kikagota ukutani. Kipande cha miguuni kilibaki nje. Mume na mke wakasali, wakalala, wakacheka mpaka mlinzi akawaomba wawahurumie wenye mitihani.

Asubuhi meneja alipoketi ofisini aliona kupitia dirishani nyayo nne za mume na mke kule nyuma, kubwa kana kwamba zimewekwa juu ya mafaili yake. Wanachuo waliokuwa wakienda kujisomea waliziamkia.

"Shikamooni!"

Vidole vikachezacheza kuitikia.

Meneja akaagiza pazia.