Leo Wewe ni Esther

Mimi simwamini mtu anayelia haraka. Ndiyo maana Wahome, jamaa wa bangi na tembe, alinichosha tangu mwanzo: mpe nafasi ya kuigiza, machozi hayo. Madam Njambi, mshauri wetu, naye sikumwamini kwa upole wake. Mtu mpole kupita kiasi ana lake.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa huko Kiplombe, sisi tuliokuwa tukijaribu kuacha pombe na dawa za kulevya. Tiba yetu ilikuwa kuigiza. Ulitaja mtu unayeogopa kukutana naye, Madam Njambi akamchagua mwenzako awe mtu huyo, akamfunga leso au kumvika koti, mkaketi mkiangaliana mbele ya wote. Nilichukia kutazamwa, lakini sikukosa kwenda. Dada yangu Esther, anayekaa Turbo, ndiye aliyekuwa na binti yangu, na aliapa hanirudishii mpaka aone nimeacha unga kweli. Habari za mtoto huyo sikumwambia mtu pale ukumbini.

Siku moja nilimtaja Esther. Madam Njambi akamchagua Mukhwana, utingo wa lori aliyejiunga nasi majuzi kwa sababu ya chang'aa. Alijifunga leso, akakunja mikono kama shangazi aliyenyimwa chai. Watu wakacheka.

"Mama Joy, karibu," akasema. "Lakini mtoto amelala."

Mimi sikucheka. Mama Joy! Pale wote waliniita Linet.

"Nani amekuambia niko na mtoto?"

Mukhwana akaanza kufungua leso.

"Ni Esther amekutuma, ama?"

"Si hivyo. Mimi nilikuja kivyangu, pombe imenimaliza. Lakini tunakaa ploti moja na dadako. Akaniambia nikuangalie tu kama uko sawa."

"Na ukirudi utamwambia nini?"

"Venye nimeona."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Nilisimama, mkono umeshainuka, ndipo nikauona mtego: nikimzaba kofi, habari zinafika Turbo kabla ya jioni, na Joy anabaki huko. Nikaketi. Hasira niliimeza ikiwa chungu.

"Mukhwana, hapa hatubebi maneno ya mtu," Madam Njambi akasema. "Tutaongea, mimi na wewe. Linet, tuwache ama tuendelee?"

"Tuendelee."

"Basi badilishaneni viti. Leo wewe ni Esther. Yeye ni Linet, amekuja kuchukua mtoto."

Nilijifunga leso. Mukhwana akapiga hodi.

"Dada, nimeacha. Haki ya Mungu nimeacha. Nipe Joy nimpeleke mjini nimnunulie viatu, tunarudi jioni."

Nikamkagua. Viatu vya nini? Mbona leo? Mbona macho hayatulii? Maneno hayo niliyajua yote. Ningeyasema mimi mwenyewe, tena kwa sauti tamu zaidi.

"Geuza mifuko," nikasema.

Akageuza. Haikuwa na kitu, na sikuamini.

"Kunja mikono ya shati."

Akakunja. Ngozi ilikuwa safi, haina alama ya sindano, na bado sikuamini. Nilisimama nikatanua mikono, kana kwamba nyuma yangu kulikuwa na mlango, na ndani ya mlango Joy amelala.

"Nipe mtoto wangu," Mukhwana akasema, sasa bila mzaha.

"Sikupi."

Nilimhurumia yule mwanamke aliyesimama mbele yangu. Lakini hata angepiga magoti nisingempa.

Tulipokuwa tukitoka, Mukhwana alinifuata mpaka langoni.

"Mama Joy, usiogope. Huko Turbo sitasema kitu. Madam amekataza."

"Sema," nikamwambia. "Mwambie Esther leo nimesimama mahali pake, nikaombwa mtoto, na mimi pia sikumtoa."