Nipe Hiyo Kanga

Jamani, kuomba si njaa! Sisi Waturkana tukikupenda, tunakuomba. Mtu nisiyemtaka simwombi hata kiberiti.

Sasa Jeanine, Mrundi wa kambi ya wakimbizi, hilo hakulijua. Tulikutana kwenye kikundi cha vijana wa kujitolea, wa mji wa Kakuma na wa kambi, tukipanda miarobaini kwenye uwanja wa zahanati. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Basi nikaanza: nipe maji, nipe nusu ya chapati, nipe hiyo kanga yako ya njano. Maji alinipa. Chapati akanipa. Kanga akaikaza kiunoni.

Siku moja akatupa jembe chini. "Arupe, mimi ni mkimbizi! Kila siku nipe, nipe! Kesho sirudi."

"Na wewe mbona huniombi kitu?" nikafoka. "Tangu tujuane hujaniomba hata chumvi. Mimi ni nani kwako, mpita njia?"

Akaenda zake, na kweli hakurudi. Nikawa namwagilia miche yake pamoja na yangu, namtukana kimoyomoyo huku machozi yananitoka. Nilimkumbuka sana yule msichana, nisiseme uongo.

Kisha akanipigia simu kutoka Lodwar. Mama yake alikuwa amelazwa huko, anasubiri upasuaji, na hospitali inataka watu wa kumtolea damu. Ndugu zao wote walibaki Burundi.

"Arupe," akasema, "nipe damu."

Weee! Mimi sindano naiogopa kuliko nyoka. Lakini nilipanda gari la kwanza la Lodwar nikicheka peke yangu, abiria wakadhani nimerukwa na akili. Ameniomba! Tena hakuanza na chumvi, ameanza na damu!

Walinipima, wakanitoa damu, nikafumba macho mpaka mwisho. Jioni mama akatoka upasuaji salama. Jeanine akaja kuketi nami kwenye benchi, tukalia wote wawili bila haya.

Alipomaliza kujifuta, akaifungua kanga ya njano, akanifunga kiunoni yeye mwenyewe. Nikadhani yameisha. Kumbe ananitazama shingoni.

"Nipe hizo shanga," akasema.

Shanga za marehemu bibi yangu! Mama yake yuko salama, shida hana, na bado ananiomba. Nikazivua pale pale, nikamvalisha huku nacheka.