Maombi ya Kufunga

Ukumbi wa chuo ninaoufagia unatumiwa na wanafunzi wa ushirika wa Kikristo kila Jumatano jioni. Nikishamaliza kazi huwa nakaa nao, kiti cha nyuma karibu na mlango, maana Neno halichagui aliyeshika ufagio. Wananiita Mama Ukumbi.

Mwenyekiti wao alikuwa kijana mzuri, mwaka wa mwisho, tena mcha Mungu kwelikweli. Tatizo lake lilikuwa moja: kila kitu yeye. Kupanga viti ni yeye, kufundisha ni yeye, hata kufuta ubao aliona wenzake wanaacha vumbi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu amalize masomo, na hakuna aliyekubali kushika nafasi yake. Wawili walishakataa. Sheria ya chuo inasema kikundi kisicho na kiongozi kinafutwa, na ukumbi anapewa mwingine.

Basi akashauriwa aanze kuwaachia wengine. Akaanza na binti wa mwaka wa pili waliyembandika jina la Polepole, kwa vile anaongea kama anayehesabu hatua. Akampa somo la Yona. Binti alifundisha vizuri, watu wakatulia, mpaka Mwenyekiti aliposimama kwa maombi ya kufunga.

“Ee Baba,” akasema, macho kafumba, “tunakushukuru kwa yule samaki mkubwa, ambaye kitabu cha Yona, Bwana, hakikumwita nyangumi kama tulivyosikia. Nawe wajua, Bwana, kwamba Yona hakuogopa Ninawi, alichukia wasamehewe.”

Akaendelea hivyo kama dakika kumi. Somo zima lilirudiwa mbele za Mungu, na masahihisho juu. Nilifumbua jicho moja nikamwona Polepole anakunja karatasi yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama tembe ya dawa.

Nilimkuta binti kwenye ngazi. Sikumuuliza, alisema mwenyewe kwamba uenyekiti hautaki, na kwamba Jumatano ijayo atamalizia Yona kwa sababu alishaahidi, baada ya hapo basi. “Nikisema langu, Mama, linasubiriwa kwenye Amina.”

Nikarudi ndani. Mwenyekiti alikuwa anapandanisha viti peke yake, jasho linamtoka. Nikashika upande wa pili.

“Mwanangu,” nikamwambia, “leo ulikuwa unaomba au unasahihisha mtihani?”

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema asiposahihisha, watu wataondoka na makosa. Nikamweleza ya nyumbani kwangu. Nilipofiwa na mume wangu nikaanza kazi hapa, binti yangu mkubwa ndiye aliyebaki anapika. Kila jioni nikifika, kabla hata ya kuvua viatu, nafunua sufuria naongeza chumvi. Sikuwa na nia mbaya. Mwisho mtoto akaacha kutia chumvi kabisa, maana mama atatia. Hata siku nilipochelewa, walikula hivyohivyo.

“Sasa wewe,” nikasema, “unaondoka baada ya wiki tatu. Sufuria unamwachia nani?”

Alichukua viti vyake akaenda.

Jumatano ya pili Polepole alisimama akasema Yona alikaa tumboni mwa samaki siku saba. Niligeuka kumtazama Mwenyekiti. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, shingo imevimba, lakini mdomo kaufunga. Ndipo mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye miwani, akanyoosha kidole.

“Dada, hapa kwangu ni siku tatu.”

Binti akainamia Biblia yake, akasoma, hakuharakisha. “Ni tatu,” akasema. “Umenizidi kusoma. Haya, tusomee mpaka mwisho.” Watu wakacheka, naye akacheka, somo likaendelea.

Maombi ya kufunga ya Mwenyekiti yalikuwa sentensi tatu: asante, utulinde, Amina. Wengine walichelewa kufumbua macho, walidhani bado. Akipita mlangoni Mwenyekiti aliniinamia akaninong'oneza, “Mama, zile siku saba zimenikaa kooni.” Nikamwambia anywe maji.

Wiki iliyofuata walimuuliza Polepole mbele ya wote kama atakubali uenyekiti. Alifunga kwanza Biblia yake. Kisha akasema atakubali, ila yule mwenye miwani afundishe Jumatano inayokuja, na Mwenyekiti aje akae nyuma na Mama Ukumbi.

Akaja akakaa. Mwenye miwani alifundisha vibaya sana siku ile: alipoteza ukurasa, akarudia mstari mmoja mara tatu, sauti ikamkauka. Mwenyekiti akajisogeza kitini kama anayetaka kusimama. Polepole, aliyekuwa mstari wa pili, akageuka akamtazama, akatikisa kichwa mara moja tu, kisha akarudisha macho mbele na kumsubiri mwenye miwani atafute ukurasa.