Hatua Mbili Chini

Damu yangu ilidondoka kwenye vibao vyeupe vya kinanda. Kiwiko changu kilikuwa kimelalia viwili, kwa hiyo kanisa zima lilisikia mlio mmoja mrefu usiokoma.

Miaka minne imepita. Kidole changu kidogo cha kushoto bado hakikunjiki.

Niliacha shule darasa la tano, nikaja Tororo kumlelea watoto dada yangu Auma. Mumewe, Owori, alikuwa mpiga tarumbeta. Mimi nilimfuata kwa kinanda, kwa kusikia tu, maana noti sizisomi. Sauti ya tarumbeta yake ilikuwa chini ya sauti ya kinanda kwa hatua mbili. Kila mara nilibonyeza kitufe cha kushusha sauti mpaka kioo kionyeshe mbili. Kinanda kikizimika, kinasahau, kinarudi sifuri. Lazima ubonyeze tena. Owori hakuwahi kukigusa kitufe hicho.

Nikikosea, alinipiga vidole kwa mdomo wa chuma wa tarumbeta.

“Hii vidole imelala? Ngoja niamshe.”

Nilimwambia mzee wa kanisa. Akacheka. “Owori? Huyu wetu anayetupigia Pasaka? Wewe Apendi, usimsingizie shemeji yako.” Auma alinipaka mafuta vidoleni tu.

Siku ya onyesho letu kanisani alikuja Mama Aanyu kutoka Busia, upande wa Kenya. Bendi yake ilitafuta mpiga tarumbeta mmoja. Wimbo wa kwanza ulipigiwa vigelegele. Kisha umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma, kinanda kikawaka upya.

“Ukiharibu, leo navunja yote,” Owori alininong'oneza, huku akiwatabasamia watu.

Nikaanza. Akaingia. Sauti zetu ziligombana kama paka wawili ndani ya gunia. Mtu akacheka. Owori aligeuka, akanipiga tarumbeta ya uso, kisha akaishusha juu ya mkono wangu. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Mama Aanyu alimkamata koti. “Wewe! Kumbe ndiyo kazi yako?”

Mzee wa kanisa alisimama, akaangalia mkono wangu, akakaa tena.

Hospitalini, Auma aliniuliza polepole, “Ulisahau kitufe?”

“Nilisahau, dada.”

Aliushika mkono wangu uliobaki mzima, akalia. Kesho yake aliwachukua watoto, tukarudi Petta kwa mama.

Kioo cha kinanda kile kina taa ya buluu. Kabla sijaweka vidole, niliiona ile sifuri.