Picha ya Wasichana Wawili

Bibi Nalepo alifika Sekei, mjini Arusha, kabla ofisi ya kituo cha kumbukumbu haijafunguliwa, akakaa kwenye ngazi akasubiri. Joyce alipokuja na funguo alimkuta pale, amejitanda shuka juu ya gauni la kanisani, viatu vimejaa vumbi la Oldonyosambu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtunza picha?"

"Ni mimi."

"Basi fungua mlango. Nina maneno."

Joyce alishazoea watu wenye maneno. Kituo chao kidogo kilikuwa kimepokea picha na kanda za sauti za mtafiti mmoja Mzungu, aliyewahi kuzunguka kwa Waarusha upande wa magharibi wa Mlima Meru miaka mingi iliyopita. Alipofariki, watoto wake walizirudisha zikiwa ndani ya maboksi, na tangu hapo kila mtu alizitaka. Wenye hoteli walitaka picha za kupamba kuta. Wanafunzi walitaka nyimbo. Ndugu waliokuwa wakigombana walitaka sauti ya babu iseme mpaka wa shamba unapita wapi. Kazi ya Joyce ilikuwa kuamua nani aone nini na nani asikie nini, na kila jibu alilotoa lilimuudhi mtu. Siku hizi alikuwa akiamka tayari amechoka.

Bibi Nalepo aliketi, akaweka fimbo yake sakafuni.

"Juzi tulimzika Skolastika," alisema. "Nimekua naye, boma lao na letu yamepakana. Nikaenda kanisani kwao, wao ni Wakatoliki, nikakaa mbele na wafiwa. Kuinua macho, naona bango kubwa kama mlango. Skolastika yuko pale, bado msichana. Na mimi niko pembeni yake, kifua wazi, kichwa kimenyolewa."

Joyce akajua mara moja ni picha ipi.

"Ilikuwa siku tuliyotolewa nje baada ya kukeketwa," bibi akaendelea, akishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Tulikuwa bado tunaumwa. Yule Mzungu akasema simameni, tukasimama. Leo mimi ni mzee wa kanisa. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wawaache mabinti zao. Wajukuu zangu sijawahi kuwaambia kwamba na mimi nilipitia huko. Wakaniona pale ukutani, na wakwe zangu wamekaa nyuma yangu. Sikuinuka mpaka misa ikaisha. Ningeinuka, hata ambaye hakunitambua angenitambua."

"Pole sana, bibi."

"Nani aliitoa?"

"Mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Arnold, mjukuu wa Skolastika, alikuja na kitambulisho chake pamoja na shangazi yake, wakathibitisha kwamba msichana wa kushoto ni bibi yao. Kanuni za kituo zilisema ndugu wa aliyepigwa picha apewe nakala. Joyce alizifuata neno kwa neno. Katika maelezo ya picha mtafiti alikuwa ameandika tu: wasichana wawili.

"Hatukuwa na jina lako," alisema Joyce.

"Skolastika alikuwa nalo. Na alikuwa hai mpaka wiki iliyopita. Kuna aliyemuuliza?"

"Hakuna, bibi," alisema Joyce.

Frederick, mkurugenzi wa kituo, alipofika aliisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Ikate katikati, kila mmoja abaki na upande wake," alisema. "Na tafadhali, Joyce, tovuti inafunguliwa mwezi ujao. Wafadhili wanataka picha zote ziwe humo. Tukianza kumuuliza bibi mmoja mmoja hatutamaliza."

Akaenda ofisini kwake. Joyce akampigia simu Arnold.

Arnold aliuza vipuri vya magari Kimandolu. Mchana alifika akiwa bado amevaa fulana ya msiba, na picha ile ile kifuani. Bibi Nalepo alipoiona aligeuza uso, akatazama dirishani.

"Shikamoo, koko," alisema Arnold, akimwita kama alivyokuwa akimwita bibi yake.

Joyce akamweleza yaliyompata bibi kanisani.

"Mimi sikujua," alisema Arnold. "Nilijua ni bibi na rafiki yake."

"Rafiki yake ndiye mimi," alisema Bibi Nalepo, bado akitazama dirishani.

Arnold alijiangalia kifuani. Akafunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, licha ya joto lile.

"Nisamehe, koko. Bango nitalishusha, fulana nitazikusanya. Lakini picha yenyewe siwezi kuirudisha. Bibi hakuwa na nyingine ya usichana wake. Kuna ile ya kitambulisho tu, ameshazeeka, amenuna. Mama yangu analala na hii chini ya mto."

Kijana alikuwa na haki ya kuitaka na bibi alikuwa na haki ya kuikataa, na ilikuwa picha moja. Kanuni hazikuwa zimefika huko.

"Naweza kukutoa, koko," Arnold alisema mwishowe, akatoa simu. Aliivuta picha kwa kidole mpaka msichana wa kulia akaondoka. Ukabaki mkono wake, umeshika mkono wa Skolastika juu ya kiwiko. Akavuta tena. Mkono ukapotea, na bega la Skolastika likaenda nao.

"Haukatiki bila kumkata bibi," alisema.

"Lete nione."

Bibi Nalepo aliishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo wazee. Alitazama muda mrefu.

"Alikuwa anataka kuanguka," alisema. "Damu ilikuwa bado inamtoka. Nikamshika asianguke mbele ya mgeni." Akamrudishia Arnold simu. "Mkono uache. Mkono hauna uso."

Joyce akaifunga picha nzima kwenye kompyuta, isifunguliwe mpaka Bibi Nalepo mwenyewe atakapotaka. Siku zilizofuata Arnold alizunguka Oldonyosambu akiomba fulana za msiba. Wengine walimpa. Wengine walisema wameshazifanya za shamba. Joyce naye aliandika kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo wa Skolastika, ambako picha ilikuwa imeshasambaa, akiomba watu waifute. Walimjibu kwa vikatuni vya mikono inayosali. Nani alifuta na nani hakufuta, hakuna aliyejua.

"Kwa hiyo nakala hazitarudi zote," Bibi Nalepo alimwambia kwenye simu.

"Hapana, bibi. Hazitarudi zote."

"Haya. Angalau hujanidanganya."

Joyce akamwambia Frederick kwamba hataweka kwenye tovuti picha ya mtu yeyote kabla mwenyewe au watu wake hawajaulizwa.

"Tovuti itakuwa tupu," alisema Frederick.

"Basi iwe tupu kwanza."

Frederick alikasirika, akapitisha wiki nzima bila kumsalimia. Joyce hakuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Jumapili alipanda Oldonyosambu na bahasha ya nakala za picha. Baada ya ibada Bibi Nalepo aliwakusanya wanawake wazee nje ya chumba cha Shule ya Jumapili, akawa anamwingiza mmoja mmoja na kufunga mlango nyuma yake, ili kila mtu aone za kwake peke yake. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, akataka yake ikuzwe apeleke kwa mwanawe Dar es Salaam. Mwingine alisema ichomwe, leo leo, na hakutaka kueleza kwa nini. Wengine walitaja majina ya marehemu, kisha wakabishana na Joyce kuhusu ni mtoto yupi wa marehemu aulizwe. Aliandika yote. Jua lilipoanza kushuka mgongo ulikuwa unamuuma, sauti imekauka, na bahasha haijafika hata nusu.

Bibi Nalepo alichungulia mlangoni.

"Nyosha miguu kidogo, mwanangu," alisema. "Bado wako wengi huku nje."