Uzito wa Selestini

Wageni waliokuja kumjulia hali Selestini walimtazama kwanza shingoni. Miguu yake waliiogopa. Ilikuwa imelazwa juu ya vibao vya kiti cha magurudumu, haina habari na mtu, nao waliipitishia macho upesi na kutafuta pengine pa kutazama. Shingo ndiyo iliyowapa nafuu. Ilikuwa imenenepa na kufanya mikunjo, ikang'aa kwa jasho na mawese, na hapo wageni walishusha pumzi, wakamgeukia mkewe, Verediana, wakamwambia kwamba kwa kweli amemtunza. Katika nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya soko la Mwanga hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Verediana aliipokea akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaingia jikoni kuongeza ugali.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi, Kigoma ilipojaa malori ya mahindi ya msaada, na unga wa njano wa kambini ukauzwa sokoni mchana kweupe. Selestini alikuwa utingo wa lori mojawapo. Alipakia magunia bandarini na kuyashusha kambini, na watu walimjua kwa mabega yake. Siku lori lilipopinduka karibu na Kidahwe, alikuwa amekaa juu ya mzigo, kama walivyokaa matingo wote. Mahindi yalimwangukia mgongoni. Shirika lililokodi lori lilimpa kiti, likampa pole, na malori yakaendelea na safari zake za Kasulu.

Baada ya hapo kazi yake ikawa kula. Kila aliyempenda alikuja na chakula, maana angekuja na nini kingine? Mama yake, Rozalia, alishuka kutoka Kalinzi na ndizi na maharage, akaketi mbele yake mpaka sahani iishe. Majirani walileta migebuka, samaki wa ziwani. Kumrudishia mtu sahani aliyokuandalia ni kumfukuza mlangoni, na Selestini hakuwa mtu wa kumfukuza yeyote. Tena alijua maneno ya watu yanavyokwenda. Mgonjwa akikonda, mkewe ndiye anayeshtakiwa. Basi alikula ili mkewe asisemwe, akashiba ili mama yake alale usingizi, na mwili wake ukapokea kila kitu bila kupata pa kukipeleka.

Kiti kikaanza kumbana nyonga. Kidonda kikamtokea kwenye kalio, nyama ambayo haikuweza hata kumwambia kwamba inaoza. Kila asubuhi Verediana alimkumbatia kifuani, akamvuta kutoka kitandani, akamzungusha na kumtua kitini, na jioni akamrudisha. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo. Asubuhi moja mgongo wake ulikataa katikati ya njia, wakaanguka wote wawili, yeye chini, mume juu yake. Selestini alimsikia akitafuta pumzi chini ya kifua chake, naye hakuweza kujisogeza hata kidogo. Alimlalia mkewe hivyo, akipiga kelele, mpaka jirani alipovunja mlango na kumvuta kando.

Habari zilifika Kalinzi kabla maumivu hayajapoa. Kaka yake mkubwa, Leonardi, alituma ujumbe kwamba kama kazi imemshinda Verediana, ndugu watakuja kumchukua mtu wao. Ulikuwa ujumbe wa upendo, na Selestini aliusikia kama hukumu. Nyumba ya mama yake ilikuwa mlimani, mbali juu ya mahali barabara inapoishia. Kiti kisingepita kati ya migomba ile. Angewekwa chumba cha ndani, angelishwa na kupendwa, na asingeuona tena mlango wa barabarani mpaka atakapotolewa kwenda kuzikwa.

Hospitalini, alikokwenda kusafishwa kidonda, palikuwa na mtaalamu wa mazoezi aitwaye Sia, mwanamke wa Moshi aliyehamishiwa Kigoma na ambaye hakuwa amejifunza bado kuzungusha maneno. Alimtazama alivyojaa kitini, akavuta kigoda.

"Kaka Selestini, sikufichi. Mikono yako imebeba magunia miaka yote hiyo. Sasa ikubebe wewe. Ila kwa uzito huu haitakuweza."

Akamwonyesha namna ya kukandamiza mikono ya kiti mpaka makalio yaachane na kitambaa, ili damu ipite na kidonda kipone. Akamwonyesha ubao wa kuweka kati ya kitanda na kiti, mtu akautelezea mwenyewe. Akamwambia apunguze ugali nusu, na mawese zaidi ya nusu. Siku atakapotoka kitandani hadi kitini bila kuguswa na mtu, alisema, hakuna atakayekuwa na sababu ya kumhamisha.

Selestini alishika neno hilo kwa nguvu zote. Alijiinua kitini asubuhi, alijiinua wanawake wakipita kwenda sokoni, alijiinua mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alisukuma magurudumu kwenye vumbi la uchochoro, kwenda na kurudi, huku vijana wa mafundi cherehani wakimtania kwamba anajiandaa kugombea kombe. Njaa ilimtesa kuliko yote. Harufu ya migebuka ikikaangwa kwa jirani ilimtoa machozi kweli, mtu mzima, na alijionea aibu.

Verediana alimpimia chakula kidogo kama alivyoombwa, lakini mkono wake ulisita kila mara juu ya sufuria.

"Mume wangu," alimwambia jioni moja, "mama akikukuta umekonda hivi, mimi nitajibu nini?"

"Hutajibu kitu. Ataniona ninavyojiinua, ataelewa."

Aliamini hivyo kwa moyo wote. Na siku ilipofika, ubao ukiwa umelala kati ya kitanda na kiti, alijisukuma, akateleza, akakwama, akahema, akajisukuma tena, na ghafla alikuwa amekaa kitini bila mkono wa mtu juu yake. Verediana alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliitua, akafunika uso kwa kanga na kulia, na Selestini akalia naye, kisha wakacheka. Tangu Kidahwe hawakuwa wamecheka pamoja.

Msimu wa kahawa ulipokwisha, Rozalia alishuka mjini pamoja na Leonardi. Alisimama mlangoni na tenga lake la ndizi, akamtazama mwanawe shingoni. Mikunjo haikuwapo. Palikuwa na mishipa na mfupa wa bega uliochomoza chini ya shati. Tenga likamshuka, akaketi sakafuni na kuanza kulia taratibu, kwa sauti ile wanayolilia msiba wakati maiti bado yumo ndani.

Selestini alikuwa amekingoja kipindi hiki. Alikuwa kitandani, na kiti kilikuwa kando, ubao tayari. Alimwomba mama yake anyamaze kidogo, atazame.

Akajisukuma. Mikono ilimtetemeka, shingo ikamkakamaa. Aliteleza juu ya ubao kwa hatua ndogo, akiuma meno. Alipofika kitini mguu mmoja ulikuwa umebaki nyuma, juu ya godoro, akaufuata kwa mkono, akaushika kwenye suruali, akauvuta na kuuweka mahali pake. Kisha akainua uso, jasho likimchuruzika, akiwa na tabasamu la mtoto aliyemaliza kusoma mbele ya darasa.

Hakuna aliyetabasamu. Leonardi alikuwa anatazama ukuta. Rozalia alimgeukia mkwewe, na sauti yake haikuwa hata ya hasira.

"Mwana wanje, mwanangu huyu, ana mke, na anajibeba mwenyewe?"

Selestini alieleza. Alitaja hospitali, akamtaja Sia, akaeleza kuhusu damu na kidonda kilichopona, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona maneno yake yanavyogeuka njiani. Mama yake alisikia kwamba alihangaika peke yake. Leonardi alimwuliza Verediana mumewe anakula nini, naye akasema ukweli: nusu sahani, kwa kutaka mwenyewe. Ukweli huo ulitua katikati ya chumba, na baada yake hapakuwa na la kumwokoa mtu. Leonardi akasema kwa upole kwamba wanamchukua leo.

Selestini alimgeukia mkewe. Alingoja apinge, aape, hata atukane. Verediana alisimama, mkono mmoja kiunoni, pale ambapo maumivu hayakuwahi kumtoka tangu siku ile ya kuanguka. Halafu alisogea kwenye kamba ya nguo, akashusha mashati ya mumewe na kuanza kuyakunja, moja moja, akiyanyoosha kola vizuri. Selestini hakujua kama alikuwa anatii au anapumzika. Alimtazama akikunja, akagundua kwamba hawezi kumchukia, na hilo lilimuuma kuliko yote yaliyosemwa.

Kiti walikiacha. Leonardi aliuliza tu kitafanya nini mlimani, na kwa kuwa hakikuwa na la kufanya huko, kikabaki kando ya kitanda. Gari dogo la mizigo liliwafikisha mahali barabara inapoishia. Rozalia alitangulia na tenga lake kichwani. Leonardi akachuchumaa, akampandisha mdogo wake mgongoni, akaishika miguu yake isiyomsikia, na wakaanza kupanda kati ya migomba na kahawa. Walipofika kwenye kona ya kwanza yenye mwinuko mkali, Leonardi hakusimama kupumzika.

"Nilidhani tungehitaji watu wa machela," alisema, akigeuza shavu. "Kumbe umekuwa mwepesi."

"Nilifanya mazoezi," Selestini alimwambia.

Leonardi akacheka kidogo, akidhani ni utani. Akamweka vizuri mgongoni, akaendelea kupanda.