Pamba Kidevuni

Kwa miaka thelathini nimejigamba kwamba kichwa nilichokinyoa sikisahau. Majivuno hayo yamemfunga mtu.

Asubuhi ile fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alichomwa kisu na mwizi aliyempora mkoba. Niliposikia ukelele nilitoka mbio, nikamwona mwizi anakata kona. Aligeuka mara moja, tukatazamana. Mpelelezi alipofika nilikuwa bado nimekandamiza kidonda cha fundi kwa taulo langu. Hakuniuliza nimeona nini.

"Yule mwenye ndevu kakimbilia upande gani?" aliniuliza.

Nikamwonyesha upande. Ndevu nikazipokea bila kuuliza zimetoka wapi, na kila nilipowasimulia wateja kisa kile, maana sikujua kunyamaza, zilizidi kuota. Fundi hakupona. Kwenye gwaride la utambuzi walipangwa wanaume wanane, mwenye ndevu mmoja. Nikamgusa bega. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, na akafungwa maisha.

Kabla ya hukumu mama yake alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kama ni yeye kweli. Nikamjibu kwamba macho hayana pazia. Naona aibu kuliandika jibu hilo.

Jana nilimkata mteja kidevuni. Nikambandika pamba, akajitazama kwenye kioo, na hapo nikakumbuka. Siku ile, muda mfupi kabla ya ukelele, nilimnyoa mgeni ndevu zote, nikamkata, nikambandika pamba. Aliyegeuka pale kwenye kona alikuwa na pamba kidevuni, na pamba haishiki kwenye ndevu. Kinyozi hajinyoi: vichwa vya watu navijua, changu kilinishinda.

Nilimwacha mteja na povu shavuni, nikaenda kwa mpelelezi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, uliapa kwamba uliziona ndevu," alisema taratibu. "Sasa mahakama imwamini nani, wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

Kutoka hapo nilikwenda kwa yule mama. Nikamwambia nimekosea, mwanawe hakuua mtu. Hakulia, wala hakunitukana.

"Na sasa, kaka yangu, una hakika?"

Nilifumba macho ili nimjibu kwa haki. Mwizi akageuka pale kwenye kona, akanitazama, na ndevu alikuwa nazo.